Ndara ya Kushoto

Ndara ndiyo iliyosema kwanza.
Niliikuta ukumbini, kati ya choo na jiko,
imelala kifudifudi,
na mbele yake Hatsue anakwenda zake,
mguu mmoja umevaa, mmoja mtupu,
wala hana habari.

"Umeacha kiatu," nikamwambia.
Akatazama chini
kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine.

Kabla ya hapo ilikuwa homa isiyo na mwenyewe,
kilo nne zimeyeyuka, mkojo rangi ya chai.
Tukasema ni uzee.
Uzee husingiziwa mengi, nao haujui kujitetea.

Kisha kifundo cha mkono wa kulia kikagoma
katikati ya kukamua kitambaa cha vyombo.
Kitambaa chini, mkono unaning'inia.
Kushoto kwa mguu, kulia kwa mkono:
ugonjwa gani huu unaochagua chagua
kama mteja wa samaki asiye na haraka?

Miaka thelathini na minane niliendesha treni,
mabehewa mawili, reli ya bondeni,
kutoka Nobeoka kupanda milimani.
Kwa hiyo Daktari Nagatomo alipochukua kalamu
nilielewa kabla hajamaliza kuchora.
Mishipa mikubwa ya damu ni mizima, inapita kwa kasi.
Iliyovimba ni ile midogo, myembamba kuliko unywele;
waliowekwa kulinda njia
ndio walioijaza mawe.
Na neva, ndefu namna ile,
toka kiunoni hadi kidoleni,
hulishwa kijiko kwa kijiko na hiyo midogo.
"Haikukatwa," alisema. "Imenyimwa."

Nikakumbuka mwaka walipofunga vituo vyetu vidogo.
Reli haikung'olewa. Iling'aa vilevile kwa mvua.
Hakuna kilichopita juu yake, basi.

Wakamkata kipande cha neva juu ya kisigino,
urefu wa kucha ya kidole gumba,
wakakitazame kwa hadubini.
"Watakirudisha?" akaniuliza.
Nikamenya balungi.
Nililimenya mpaka weupe wote ukaisha.

Kisha dripu. Kisha prednisoloni,
vidonge kumi na viwili kila asubuhi,
uso ukajaa, ukawa wa dada yake mnene
ambaye hawakupatana.
Saa tisa usiku nasikia makabati:
anapanga bakuli kwa mkono mmoja,
macho makavu, anatukana vumbi.
Hajawahi kunipendeza kama usiku ule,
na sikumwambia.

Kazini tulifundishwa: usiliamini jicho peke yake.
Nyoosha kidole, taja kwa sauti.
"Taa, kijani!" Hata ukiwa peke yako.
Hata watoto wakikucheka dirishani.
Basi kila asubuhi nakaa ukingoni mwa godoro,
nanyoosha kidole:
"Kidole gumba!"
Kimya.
"Kifundo!"
Kimya.
Naye, kwa ukali wa mkuu wa kituo:
"Treni imechelewa. Abiria wasubiri."

Neva hurudi milimita moja kwa siku,
alisema daktari, ikiwa itarudi.
Nilipiga hesabu nyuma ya ratiba ya zamani,
goti hadi ncha ya kidole:
mwaka, na miezi juu yake.
Sijawahi kuendesha polepole hivyo.

Usiku mguu humuwaka moto,
ule ule usiohisi mkeka ukiukanyaga.
Haoni jua wala maji, ila moto anaujua.
Sijui hesabu hiyo wanaifundisha wapi.

Jana nimeikuta tena ukumbini,
ya kushoto, kifudifudi.
Nikainama.
"Iache!" akapiga kelele toka jikoni.
"Nimeivua mwenyewe."

Sikumwamini.
Nikanyoosha kidole, nikataja kwa sauti:
"Ndara, ya kushoto."
Nikaiacha pale pale.